Nyimbo Zilizovikwa Picha

Msafiri aingiaye Garsen kwa barabara ya Malindi, akashuka garini na kuketi katika mkahawa ili angoje chai, huziona nyimbo kabla ya kuzisikia. Nasema huziona, kwa maana ukutani pametundikwa runinga, nayo haipumziki kuonyesha video za muziki tangu asubuhi hata usiku. Na kwa kuwa kelele za magari yaendayo Lamu na Garissa huifunika sauti, macho ndiyo yapatayo karamu, masikio yakaambulia makombo. Mtoto wa shule hulitazama jambo hili pasipo kustaajabu. Naye akiulizwa video hii na ile zatofautianaje, hujibu upesi kwamba moja ni nzuri na nyingine mbaya. Jibu hilo halitoshi. Yafaa tujue video za muziki zi za namna gani, zilitoka wapi, na zilitufikiaje sisi wakazi wa Mto Tana. Ili tulijue hilo sawasawa, hatuna budi kuanza na ngoma ambayo watu wetu wengi hawakupata kuiona.

Ngoma hiyo ni Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo. Haikupigwa kwa viganja wala kwa vijiti kama ngoma nyingine. Ilisuguliwa, ikatoa mngurumo uliovuka mashamba na kusikika mbali. Wazee wa Kijo ndio walioitunza na kuitazama. Wengine waliijua kwa masikio tu, na sehemu kubwa ya heshima yake ilikuwa katika kufichika kwake. Mwaka 1902 maofisa wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza waliichukua, na mwaka 1908 ikaingia katika British Museum mjini London, ambako imewekwa ghalani. Watu wa ukoo wa watawala wa Wapokomo wamesafiri hata huko kuiona, na wameomba irudishwe. Tazama jinsi mambo yalivyopinduka: kitu kilichotengenezwa ili kisikike kisionekane, sasa chaweza kuonwa na wachache, lakini hakisikiki na mtu yeyote.

Wimbo mwingine wa mto huu ulipatwa na bahati iliyo kinyume cha hiyo. Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, watu watano wajuzi wa muziki walikabidhiwa kazi ya kutunga wimbo wa taifa. Hao ni Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Waliyachagua mahadhi ya wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto aliaye, nayo waliyapata kwa Mzee Meza Maroa Galana wa huku kwetu Tana. Tangu hapo wimbo wa mama na mtoto ukawa wimbo wa nchi. Kisha ukavikwa picha. Katika majumba ya sinema ya Kenya ulichezwa kabla ya filamu kuanza, bendera ikapepea juu ya kitambaa cheupe, na watazamaji wote wakasimama wima. Runinga nayo ikautumia kufungia matangazo ya usiku. Kama mama mmoja wa Kipokomo angalikuwamo ndani ya jumba hilo, masikio yake yangalimpeleka kwenye kitanda cha mwanawe, na macho yake yangalimpeleka uwanja wa gwaride. Mto haukuonekana popote katika picha ile. Sisemi kwamba bendera haikustahili. Nasema kwamba mtu fulani alichagua jicho lione nini, na kwa uchaguzi huo wimbo ukawa na maana nyingine.

Huo ndio mzizi wa habari yote. Kila video ni uchaguzi wa namna hiyo, na namna za video hutofautiana kwa kile walichokiweka mbele waliozitengeneza.

Namna iliyo nyepesi kuliko zote ni kumwonyesha mwimbaji akiimba. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi muziki wake ulikuwa wa namna hii: kwaya imejipanga mistari mitatu, au bendi imesimama mbele ya pazia, kamera haiondoki mahali pake. Vijana wa leo huicheka. Mimi siicheki, kwa maana ina unyofu: wauona mkono wa mpiga gitaa, wajua sauti ile yatoka wapi. Hata hivyo msomaji asidanganyike akadhani kwamba kila aonekanaye akiimba anaimba kweli. Katika video nyingi wimbo hurekodiwa kwanza peke yake. Siku ya kupiga picha hufunguliwa kwa spika, na mwimbaji huyafuatisha maneno yake mwenyewe kwa midomo. Hila hii yaweza kuendelezwa. Kamera hupiga picha 48 kwa sekunde, na wimbo ukachezwa kwa mwendo maradufu, mwimbaji akilazimika kutamka mbio mbio. Kisha picha zile huonyeshwa 24 kwa sekunde. Midomo hulingana na wimbo barabara, lakini nguo, nywele na matone ya maji huenda polepole kana kwamba dunia imelewa usingizi.

Wenye kuyajua haya kabla yetu ni Wahindi. Katika filamu ya Awaara ya mwaka 1951, mwigizaji Raj Kapoor aonekana akiimba, na sauti si yake bali ya Mukesh. Na Lata Mangeshkar, aliyefariki mwaka 2022, aliwaimbia waigizaji wa kike wengi mno ambao kinywa kilikuwa chao na sauti yake. Filamu hizo zilipendwa sana pwani, Mombasa na Zanzibar hali kadhalika. Ndani yake wimbo haukusimama mahali pamoja: wapendanao waliuanza bustanini, wakauendeleza mlimani, wakaumalizia kando ya maji, wamebadili mavazi mara tatu. Hapo twaiona namna ya pili, ambayo wimbo huwa mlango wa kuzunguka dunia na kucheza. Ajabu ni kwamba watu wa pwani waliichukua sauti na kuiacha picha. Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa kubwa kwa nyimbo za taarabu zenye mahadhi ya filamu za Kihindi na maneno ya Kiswahili safi. Milima na bustani zilibaki kwa wenyewe, na msikilizaji akaachiwa ajichoree picha yake moyoni. Sijui kama sisi tungaliweza kufanya hivyo leo.

Mchezo wenyewe ulitufikia kwa njia ya Kongo. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na kibanda cha video cha makuti na mabati, na jenereta iliyowekwa nyuma yake ilinguruma kuliko muziki. Tuliingia kwa sarafu, tukaketi mchangani. Humo ndimo nilimowaona wanamuziki wa Kongo kwa mara ya kwanza: waimbaji wamejipanga mstari mmoja, wamevaa suti za thamani, gitaa likiingia katika sehemu yake ya mbio, wachezaji hujitokeza mbele na kamera hushuka kuitazama miguu na viuno. Koffi Olomide alipotoa wimbo wake Loi mwaka 1997, mchezo wa ndombolo ulienea Afrika Mashariki yote. Katika video za namna hii picha ni kama mwalimu wa ngoma. Hatukuelewa neno hata moja la Kilingala, wala halikutudhuru. Tuliporudi nyumbani tulikuwa tumejifunza yote yaliyokusudiwa, na mama akajua tulikokuwa kwa kuona tunavyotembea.

Namna ya tatu ni ya hadithi. Ulaya na Marekani ilichelewa kukomaa. Kikundi cha Queen cha Uingereza kilitengeneza picha za wimbo wa Bohemian Rhapsody mwaka 1975, zikaonyesha kwamba picha zaweza kuuza wimbo mahali ambapo mwimbaji hakufika kwa mwili. Tarehe 1 Agosti 1981 kituo cha MTV kilianza Marekani, nacho kikawa na kazi ya kuonyesha video za muziki usiku na mchana. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa 1983, Michael Jackson alitoa Thriller, iliyoongozwa na John Landis, mwongozaji wa filamu. Ilikuwa na urefu wa dakika 13 na zaidi; ina mwanzo, ina hofu, ina mageuzo ya mtu kuwa mnyama, na wimbo wenyewe hukatizwa ili hadithi ipite. Huku kwetu hadithi ilipata makao mazuri katika Bongo Fleva ya Tanzania, kwa sababu wasanii wake walikuwa wasimulizi tangu hapo. Zali la Mentali, wimbo wa Profesa Jay akiwa na Juma Nature, ni kisa cha kijana maskini aliyependwa na mwanamke tajiri. Hatari ya namna hii ni kwamba picha hurudia kila neno. Mwimbaji akitaja mlango, waonyeshwa mlango; akitaja machozi, waletewa chozi. Mtengenezaji mwenye busara huacha picha iseme lile ambalo wimbo umelinyamazia.

Iko pia namna ya fahari, yenye magari, majumba na nchi za mbali. Diamond Platnumz alipoitoa Number One mwaka 2013, picha zake zilipigwa Afrika Kusini, na tangu hapo msanii kijana aliona haya kupigiwa picha mtaani kwao. Lakini mwaka 2020 Diamond huyo huyo aliimba Waah! pamoja na Koffi Olomide, nasi tuliokaa katika kile kibanda tukaona utoto wetu umerudi. Tangu YouTube ilipoanza mwaka 2005, namna hizi zote huishi pamoja, ya kale na ya leo, na hata video isiyo na mtu ndani yake, ambayo huonyesha maneno ya wimbo tu yakipita mmoja mmoja. Mwanafunzi dhaifu wa kusoma niliyemfundisha aliniambia kwamba ndiyo iliyomsaidia.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi: watunge wimbo mfupi juu ya Mto Tana, kisha waandike picha zake, moja baada ya nyingine. Wimbo haukuleta taabu. Picha zilileta. Mvulana wa Kipokomo aliandika mtumbwi, mwembe na shamba la mpunga. Mvulana wa Kiorma aliandika ng'ombe wakishuka malka kunywa maji jioni, vumbi likawa jekundu. Wa kwanza akasema ng'ombe hao watakanyaga shamba. Wa pili akajibu kwamba shamba hilo limeziba njia. Darasa lilinyamaza. Wote walijua kwamba kwa maneno kama hayo, tangu Agosti 2012 hata mapema mwaka 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii, na wengine darasani walikuwa na jamaa miongoni mwao.

Sikuwa na jawabu tayari, nami nakiri nilitamani kengele ilie. Msichana aliyeketi nyuma akainua mkono akasema, "Mwalimu, tuanze bila picha. Skrini iwe nyeusi, wasikie maji tu." Hakuna aliyepinga. Baada ya maji, walikubaliana, ingekuja sauti ya kafi, kisha kengele ya ng'ombe, na ndipo picha ifunguke kutoka juu ya daraja, mto ukiwa katikati na kingo zote mbili zikionekana kwa mara moja.

Kamera hatukuwa nayo. Tuliazima simu, tukaenda Jumamosi asubuhi pamoja na mwalimu mwenzangu. Upepo ulikula nusu ya sauti, na mtumbwi tuliouahidiwa haukuja. Tulipata dakika moja na sekunde chache, tukaitazama darasani Jumatatu, wote tumeizunguka simu moja. Ilipokwisha, swali la kwanza lilitoka kwa yule mvulana wa Kipokomo. Alitaka kujua ng'ombe yule mweupe aliyesimama mbele ya wenzake ni wa nani, kwa maana alikuwa mzuri.