Alama za kifalme za Karagwe

Alama za kifalme za Karagwe ni mkusanyo wa ngoma, sanamu za ng'ombe, mikuki, nyundo na vifaa vingine vya chuma na shaba vilivyokuwa mali ya watawala wa ufalme wa Karagwe. Eneo la ufalme huo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Vifaa hivyo vilitunzwa Bweranyange, yaliyokuwa makao makuu ya ufalme.

Alama hizi zinajulikana kwa ufundi wake na kwa maana yake katika dini ya jadi ya Wanyambo. Zinajulikana pia kwa sababu ya nadharia ya wageni wa karne ya 19 waliodai kwamba watawala wa Karagwe walikuwa na asili iliyosahaulika, inayotajwa katika Biblia. Nadharia hiyo haina ushahidi, lakini iliacha madhara makubwa katika nchi za Maziwa Makuu.

Historia

Watawala wa Karagwe, walioitwa abakama (umoja: omukama), walikuwa wa ukoo wa Wahinda, ambao humtaja Ruhinda kuwa mwanzilishi wao. Mapokeo yanamtaja mtawala Ndagara, aliyefariki katikati ya karne ya 19, kuwa fundi wa chuma. Alifuatwa na mwanawe Rumanyika, aliyetawala hadi mwaka 1878.

Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1876 alifika Henry Morton Stanley, ambaye alionyeshwa nyumba ya hazina. Aliieleza kuwa nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi. Ndani yake aliona sanamu za ndege na wanyama za shaba, wakiwemo ng'ombe wasio na vichwa, pamoja na mikuki na visu vya chuma vya ufundi wa hali ya juu.

Baada ya uhuru wa Tanganyika mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria, na alama hizi zikabaki kuwa urithi wa kihistoria.

Maana ya alama

Ngoma ilikuwa alama kuu ya utawala katika falme nyingi za eneo hili, kama vile Kalinga ya Rwanda na Bagyendanwa ya Nkore. Speke alisimuliwa kwamba baada ya kifo cha Ndagara wanawe watatu walitakiwa kuinua ngoma ndogo iliyotiwa dawa. Rumanyika peke yake ndiye aliyeweza kuiinua, na hilo likachukuliwa kuwa thibitisho la haki yake ya kutawala.

Nyundo ilihusu mamlaka ya mtawala juu ya uhunzi, kazi iliyotoa majembe, mikuki na silaha nyingine. Matumizi hayo hayakuwa ya Karagwe pekee. Nchini Rwanda, wanaakiolojia waliofukua kaburi la mfalme Cyirima Rujugira walikuta nyundo za chuma ndani yake.

Ng'ombe wa chuma aliunganisha aina mbili za utajiri: mifugo, iliyokuwa msingi wa heshima ya wafugaji, na chuma, kilichotoka kwa wahunzi. Kwa njia hiyo sanamu ilimwonyesha mtawala kuwa kiungo cha makundi yote mawili. Uyeyushaji wa chuma wenyewe ulikuwa na miiko, na katika jamii nyingi za Maziwa Makuu tanuri lilifananishwa na mwanamke anayezaa.

Nadharia ya asili ya Kihamu

Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke alidai kwamba watawala wafugaji wa eneo hili walikuwa wageni kutoka Ethiopia. Alimweleza Rumanyika kwamba alikuwa wa uzao wa mfalme Daudi, na kwamba watu wake wangekuwa Wakristo kama wasingesahau dini ya zamani. Ushahidi wake ulikuwa sura za watu na kufanana kwa desturi. Hakuwa na hati wala mapokeo ya Wanyambo yaliyosema hivyo.

Muundo wa dai hilo unafanana na ule wa riwaya za njama kuhusu alama za dini, kama The Da Vinci Code ya Dan Brown (2003), ambamo alama zinasomwa kama fumbo linaloficha nasaba takatifu. Tofauti ni kwamba riwaya huuzwa kama hadithi ya kubuni, ilhali dai la Speke lilipokewa kama elimu. Lilikuzwa na waandishi wengine na kufundishwa chini ya ukoloni kwa jina la nadharia ya Kihamu. Kwa mujibu wake, ufalme na ufundi wa juu havikuweza kubuniwa na Waafrika wenyewe.

Nchini Rwanda nadharia hiyo ilitumiwa kwanza kuwapendelea Watutsi, kisha kuwatangaza kuwa wavamizi. Mwezi Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia akisema kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Maji ya mto huo huingia mto Kagera, ulio mpaka wa Rwanda na wilaya za Karagwe na Kyerwa. Wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 miili ya watu ilielea katika mto Kagera hadi ziwa Viktoria, na wakimbizi wengi waliingia mkoa wa Kagera. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha nchini Rwanda mwaka 2016.

Utafiti wa kisasa

Wanahistoria na wanaakiolojia huzisoma alama hizi kwa kulinganisha vifaa vyenyewe, mapokeo ya wenyeji na mabaki yaliyo ardhini. Mfano wa njia hiyo ni utafiti wa Peter Schmidt huko Katuruka, katika eneo la Wahaya karibu na Bukoba. Masimulizi ya wazee yalihusisha mahali hapo na uhunzi wa kale, na uchimbaji ulipofanyika yalipatikana mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba ufundi wa chuma ulikuwepo mkoani Kagera muda mrefu kabla ya ukoo wa Wahinda.

Kwa hiyo maana ya alama za Karagwe haihitaji asili ya mbali ili kuelezwa. Inapatikana katika ufugaji, uhunzi na dini ya watu waliozitengeneza.

Tazama pia

- Wanyambo
- Wahaya
- Mto Kagera
- Mauaji ya kimbari ya Rwanda