Mgonjwa wa seliaki na maziwa: Atajuaje kama yanamdhuru?

WAKAZI wengi wa Tunduma huianza siku kwa chai ya maziwa na chapati au maandazi kabla ya kuelekea kwenye shughuli zao za mpakani. Kwa mwenye ugonjwa wa seliaki, mlo huo huzua swali: tumbo linapojaa gesi na kuharisha, mkosaji ni maziwa au ni chapati?

Wa kwanza kushukiwa ni chapati. Seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba kila mgonjwa anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Maziwa halisi hayana gluteni. Hata hivyo, nayo yanaweza kumsumbua, kwa sababu nyingine.

Ndani ya utumbo mwembamba mna vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula. Kwenye ncha za vinyweleo hivyo hutengenezwa laktesi, kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Gluteni inapoviharibu, laktesi hupungua. Laktosi hufika utumbo mpana bila kuvunjwa, bakteria huichachusha, na tumbo husokota.

Kwa wengi hali hiyo ni ya muda. Mgonjwa akiacha gluteni kabisa, utumbo hupona taratibu kwa miezi kadhaa, hata miaka kwa baadhi ya watu wazima, na maziwa huanza kukubalika tena.

Si kwa wote. Watu wengi duniani hupungukiwa laktesi baada ya utoto bila ugonjwa wowote. Utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake wa mwaka 2007, uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulibaini mabadiliko ya jeni yanayowawezesha baadhi yao kusaga maziwa hata ukubwani.

Mgonjwa afanyeje? Kwanza, apimwe damu, na daktari akiona inafaa achukuliwe kinyama cha utumbo, akiwa bado anakula ngano. Anayeiacha mapema anaweza kupata majibu yasiyo sahihi.

Pili, iwapo ameacha gluteni na dalili zinaendelea, aache maziwa kwa wiki mbili huku akiandika anachokula, kisha ayarudie kidogo kidogo. Dalili zikitoweka na kurudi pamoja na maziwa, laktosi inahusika. Kipo pia kipimo cha pumzi.

Tatu, achunguze kilichochanganywa. Vinywaji vya kimea cha shayiri, uji wa lishe wenye ngano na unga uliosagwa kwenye mashine inayosaga ngano huweza kumdhuru, kisha lawama zikaangukia maziwa.

Kuacha maziwa bila sababu kuna gharama, kwani seliaki yenyewe hudhoofisha mifupa. Mtindi una laktosi pungufu, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao huongeza madini ya chokaa. Ugali wa mahindi, wali, maharage na ndizi, vyakula vya kawaida mkoani Songwe, havina gluteni.