Mkusanya Maneno na Msikiliza Sauti

Watu wengi hudhani ya kuwa kutunga kamusi na kuchunguza sauti za lugha ni kazi moja. Sivyo. Mtunga kamusi huuliza neno lina maana gani. Mchunguza sauti huuliza latamkwaje, na kwa nini likatamkwa hivyo.

Dk. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akakusanya maneno kwa bidii nyingi, na kamusi yake ikapigwa chapa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ni hazina kubwa, wala hatuidharau. Lakini maana ya neno yaweza kuhifadhiwa vema, na sauti yake ikapotea.

Mwombe mzee wa Mvita akutajie kaa la moto, kisha kaa wa baharini. Katika neno la kwanza k hutoka kavu. Katika la pili hufuatwa na pumzi, hata ukiweka kiganja mbele ya kinywa chake utaisikia. Kadhalika paa la nyumba na paa wa mwituni. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na katika tahajia yake pumzi hiyo haiandikwi.

Basi pumzi yatoka wapi? Hapo kamusi hunyamaza. Mjerumani Carl Meinhof, katika kitabu chake cha sauti za Kibantu cha mwaka 1899, alichunguza jinsi n ya ngeli inavyobadili herufi inayoifuata. Twasema ulimi, ndimi. N yaonekana wazi. Twasema ukuta, kuta. N haipo, lakini Mmvita hutamka kuta kwa pumzi. Pumzi ndiyo unyayo wa n iliyokwisha kwenda zake. Kaa wa baharini ni wa ngeli hiyo. Kaa la moto silo.

Wako waliofanya kazi zote mbili, kama Padre Sacleux, aliyekaa Bagamoyo na Unguja. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, nayo yatofautisha lahaja kwa uangalifu mkubwa.

Nasi walimu twakiri kosa letu. Tumepata kumkemea mtoto wa Mvita darasani kwa kusoma kuta na pumzi, tukamwambia asome kama ilivyoandikwa. Alirudia mara tatu, kila mara kwa pumzi ile ile; nasi tulikuwa tumeinamia kitabu, hatukumsikiliza.