Spana Haifungui Betri

Ijumaa moja mwaka jana, mdogo wangu alifika nyumbani Jericho saa saba mchana. Hiyo si saa yake. Alikuwa amebeba begi lenye ovaroli, viatu vya kazi na kikombe chake cha chai. Mathe hakuuliza kitu, aliingia tu jikoni kupasha githeri. Baba, aliyekuwa ameketi mlangoni, ndiye aliyeuliza.

"Wangapi?"

"Laini yetu yote, mzee. Wamesema soko imebadilika."

Baba alitikisa kichwa. "Soko. Hata sisi tuliambiwa ni soko."

Mdogo wangu alikuwa akiunganisha pikipiki za umeme. Baba naye, kabla sijazaliwa, alikuwa akichomelea ekzosi katika kiwanda kilichowauzia vipuri waunganishaji wa magari. Majina ya makampuni hayo mawili nitayaacha. Lakini kati ya Ijumaa ya Baba na Ijumaa ya mdogo wangu kuna historia ya mtaa wetu, na hiyo nataka kuisimulia.

Miaka ya sabini Kenya ilipata viwanda vitatu vikubwa vya kuunganisha magari: Leyland mjini Thika, General Motors hapa Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers, yaani AVA, kule Mombasa. Serikali ilikuwa na hisa katika vyote vitatu. Vipande vya gari vililetwa kwenye makasha kutoka ng'ambo, vikafungwa hapa. Kuleta gari lililokwisha kuundwa kulihitaji leseni na ushuru mzito, kwa hivyo soko lilikuwa na ua. Tena serikali ilitaka baadhi ya sehemu zitengenezwe nchini: betri, matairi, rejeta, springi, vioo, ekzosi. Hapo ndipo viwanda vidogo vya Industrial Area vilipopata kazi, na Eastlands ikapata mshahara.

Mitaa yetu ilijengwa kwa ajili hiyo hasa, kulaza wafanyakazi. Makongeni na Muthurwa zilikuwa nyumba za reli. Kaloleni, Bahati na Jericho zilikuwa za baraza la jiji. Asubuhi watu waliteremka kwa miguu, wakavuka Jogoo Road na reli ya Makadara, wakaingia Industrial Area kabla king'ora hakijalia. Baba anasema ungejua saa bila kuangalia saa, kwa kusikiliza tu viatu vikipita dirishani.

Halafu ua ukaondolewa. Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada yao kwa Kenya, na mojawapo ya masharti ya wakopeshaji lilikuwa kufungua soko. Kufikia katikati ya miaka ya tisini leseni za kuingiza bidhaa zilikuwa zimeondolewa na udhibiti wa dola kulegezwa. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika bandarini Mombasa kutoka Japani, mengine kupitia Dubai. Mwalimu au karani ambaye hangeweza kununua gari jipya sasa aliweza kununua la mtumba. Sitamlaumu. Lakini magari yaliyofungwa nchini yalipungua sana, na waliowauzia waunganishaji vipuri walikauka mmoja baada ya mwingine. Baba alipewa barua yake mwaka 1994, Ijumaa pia.

Sehemu inayofuata ya hadithi yake ndiyo inayonisumbua leo. Baba hakulala njaa. Alichukua ujuzi wake akahamia Kariobangi Light Industries, akakodi kona, akaazima mashine ya kuchomelea. Ni nani waliokuwa wateja wake? Ni yale magari ya Japani. Yalikuja na ekzosi zao nzuri, mashimo ya Eastlands yakazing'oa, Baba akazirudisha. Gari lililomfuta kazi ndilo lililotulipia karo. Alilala chini yake, akalisoma, akalielewa. Hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Na hakuwa peke yake. Mwaka 1985 Rais Moi alikuwa amewatembelea mafundi wa Kamukunji waliokuwa wakigonga mabati juani, na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi kuhusu biashara ndogo na jua kali. Mpango ulioandikwa vizuri ulikuwepo, sawa. Lakini kilichobeba watu hasa ni kwamba chuma ni chuma. Ukijua kukifunga, unajua kukifungua.

Sasa twende kwa umeme. Mwaka 2017 kampuni iliyoitwa Opibus ilianza hapa Nairobi, ikabadili jina kuwa Roam mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikafungua kiwanda cha pikipiki za umeme. Mabasi ya BasiGo yalianza kubeba abiria wa Nairobi mwaka 2022. Mwaka 2023 ikaja bei maalumu ya stima ya kuchajia magari, na Septemba mwaka huo Rais Ruto akazindua mpango wa pikipiki za umeme Mombasa. Mwaka 2024 BasiGo wakaanza kuunganisha mabasi katika kiwanda cha KVM, Thika. KVM ndiyo ile Leyland ya zamani. Nilipomwambia Baba, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe bado lile lango liko."

Tukaamini, hata mimi. Mdogo wangu alipopata kazi tulichinja kuku.

Lakini ua wa safari hii ni mwembamba kuliko ule wa kwanza. Makampuni ya umeme hutegemea pesa za wawekezaji wa ng'ambo na nafuu ya kodi ya nyumbani, na vyote viwili hubadilika haraka. Aprili 2024 Tesla ilitangaza kupunguza zaidi ya asilimia 10 ya wafanyakazi wake duniani. Septemba mwaka huo Northvolt ya Uswidi, kiwanda cha betri ambacho Ulaya ilikitegemea, ikatangaza kufuta kazi watu 1,600, na Machi 2025 ikafilisika. Mwezi Septemba 2025 Marekani ikakomesha nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa anayenunua gari jipya la umeme. Mwekezaji akiona hayo, mkono wake huanza kukaza.

Na hapa nyumbani? Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliotutoa mitaani Juni 25, wengi wetu tunaukumbuka kwa kodi ya mkate. Mswada huohuo ulitaka kuondoa nafuu ya VAT kwa mabasi ya umeme na betri za lithiamu. Uliondolewa kesho yake. Lakini mwenye kampuni alikuwa amejifunza kwamba hesabu zake zote zinaweza kuvurugwa na karatasi moja.

Kufikia hapo, Ijumaa mbili zinafanana. Tofauti inaanza Jumatatu.

Jumatatu Baba alikwenda Kariobangi na ujuzi wake. Mdogo wangu ameenda stage ya boda hapa karibu na spana zake, kwa sababu pikipiki za umeme zinaongezeka na zinaharibika kama kitu kingine chochote. Breki anatengeneza. Tairi, bearing, waya, hata mota anaijaribu. Betri ndiyo hapana. Mara nyingi betri si ya mwenye pikipiki, ni ya kampuni. Dereva huibadilisha kwenye kituo, na kituo cha kampuni moja hakipokei betri ya nyingine. Ndani yake kuna kompyuta ndogo inayojua iko wapi, na kampuni inaweza kuizima kutoka mbali.

Wiki iliyopita dereva mmoja alimletea pikipiki iliyokataa kuwaka. Mdogo wangu alijua tatizo kabla hajainama, kwani pikipiki za aina hiyo amefunga mamia. Ilihitaji kompyuta yenye programu ya kampuni, dakika tano tu. Programu hiyo ilibaki ndani ya lango. Jamaa akaisukuma hadi Donholm kwenye kituo.

Sisemi tukatae umeme. Nimepumua moshi wa Jogoo Road maisha yangu yote. Nasema hivi: serikali ikitoa nafuu ya kodi kwa jina la ajira zetu, iombe pia vitabu vya ufundi na programu za kukagua zifike kwa mafundi wa mtaani, na betri ziingiliane. Soko likibadilika tena, na litabadilika, anayetolewa langoni atoke na kitu.

Jioni ile Baba alikuja stage kumwona mwanawe akifanya kazi. Aliizunguka pikipiki moja mara mbili, akainama kutazama chini, akatafuta ekzosi kwa mazoea. Akasimama, akajipangusa mikono ingawa hakuwa ameshika chochote.

"Hii nayo," akamuuliza, "unaingilia wapi?"