Mnara wa Matofali wa Grimsby

Twadhani mara nyingi kwamba kila ukumbusho hujengwa kwa makusudi. Mnara wa bandari ya Grimsby, mashariki mwa Uingereza, watuonyesha vingine. Ulikamilika mwaka 1852, una urefu wa mita 94 hivi, na matofali yake yakadiriwa kuwa milioni moja. Umbo lake lilifuata mnara mmoja wa mji wa Siena, Italia. Lakini haukujengwa kwa ajili ya sifa. Ndani yake, juu sana, palikuwa na tangi la maji, na uzito wa maji hayo ndio ulioendesha mitambo ya milango ya bandari.

Mwaka 1892 mtambo mwingine ulishika kazi hiyo. Mnara ukasimama bure, wala haukubomolewa. Wavuvi waliotoka Bahari ya Kaskazini, na baadaye hata Iceland, safari ya majuma karibu matatu, waliutafuta kwa macho. Kuuona kulikuwa kufika nyumbani. Basi ni wavuvi walioufanya kuwa ukumbusho.

Uvuvi huo ulikuzwa na reli, iliyofika Grimsby mwaka 1848 na kupeleka samaki wabichi hadi London. Mashua ziliongezeka, na mikono ikahitajika. Wenye mashua wakachukua wavulana, wengi wao yatima na watoto wa nyumba za maskini, wakawafunga kwa mikataba mpaka umri wa miaka 21. Waliotoroka walitiwa gerezani. Wengine walizama, wala hapakuwa na mzazi wa kuwalilia. Karne iliyofuata, Grimsby ilihesabiwa kati ya bandari kubwa za uvuvi duniani. Kisha, mwaka 1976, Uingereza ilipokubali mpaka wa maili 200 uliowekwa na Iceland, kazi ile ikaporomoka.

Leo mnara waonekana toka mbali. Wavulana wale hawaonekani.

Ndugu zetu, Bwana aliwaita wavuvi kando ya ziwa, akawaita kwa majina yao. Kwetu pia, Kivu na Tanganyika, vijana wa umri wenu hutoka usiku na taa kutafuta sambaza na ndakala, na si wote wanaorudi asubuhi. Nani anayatunza majina yao? Tukisubiri mnara, tutasahau.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba, kabla ya tarehe 2 Novemba, kila kundi la vijana lipite katika jumuiya na kuandika majina ya waliomezwa na ziwa, ili yasomwe katika Misa ya marehemu. Tena tuwaulize wenye mitumbwi, kwa heshima lakini bila woga: mtoto huyu anayevua usiku anakwenda shule saa ngapi? Na mtumbwi ukipinduka, amevaa nini cha kumwelesha?