Badfinger: Mali Bila Daftari

Ndugu wahitimu wenzangu, wimbo "Without You" wengi wa rika letu waliujua kwa sauti ya Mariah Carey, mwaka 1994. Watunzi wake hasa ni vijana wawili wa bendi ya Badfinger, Pete Ham na Tom Evans. Ham alikuwa na beti zilizokosa kiitikio. Evans alikuwa na kiitikio kilichokosa beti. Wakaviunganisha, na bendi ikaurekodi mwaka 1970. Mwaka 1972 Harry Nilsson aliufikisha nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza.

Bendi hiyo ilianzia Swansea, Wales, ikiitwa The Iveys. Mwaka 1968 ilichukuliwa na Apple, kampuni ya santuri ya Beatles, na mwishoni mwa 1969 ikabadili jina. Muziki wao ndio ulioitwa pawapopu: nyimbo fupi, magitaa yenye nguvu, sauti zinazoitikiana vizuri. Paul McCartney aliwatungia "Come and Get It". Ham naye akatunga "No Matter What" na "Day After Day". Zote tatu ziliingia kumi bora Marekani.

Basi walianguka vipi? Kipaji hakikupungua. Mwaka 1970 walijiweka chini ya meneja wa Kimarekani, Stan Polley. Mapato yao yakawa yanapitia kampuni aliyoishika yeye, nao wakilipwa mshahara tu. Mwaka 1974 walihamia Warner Bros. Fedha zilizopaswa kuwekwa amana hazikuonekana. Kampuni ikaenda mahakamani, na santuri yao Wish You Were Here, iliyotoka Novemba mwaka huo, ikaondolewa sokoni. Mishahara ikakatika.

Aprili 1975 Ham alijiua, akiwa na umri wa miaka 27, na mchumba wake ni mjamzito. Novemba 1983 Evans naye alijiua, ugomvi juu ya mgao wa fedha za wimbo ule ukiwa haujakwisha.

Sisi watumishi wa serikali hulaumiwa sana kwa vocha, risiti na saini mbili kwenye hundi. Mara nyingi lawama hizo ni za haki. Lakini kila nisomapo habari za vijana hawa, naona saini ya pili ingaliweza kuwaokoa. Hata chama chetu hiki, chenye mfuko wa ada zetu, kisione haya kudai hesabu kwa rafiki. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.