Roho Mtakatifu, Roho Takatifu: Ngeli za Kiswahili na Fundisho la Utatu

Katika mazungumzo ya kila siku nomino roho ni ya ngeli ya I-/ZI-. Waswahili husema roho yangu, roho nzuri, roho inaniuma, roho zao zimetulia. Hata mlafi, ambaye husemwa kuwa ana roho, hakuna amwambiaye kwamba roho yake "anapenda" vyakula. Hata hivyo, tangu karne ya 19 Wakristo wanaosali kwa Kiswahili wamekuwa wakitamka Roho Mtakatifu, naye huja, hushuka, hufundisha na kufariji kwa viambishi vya ngeli ya A-/WA-. Kiambishi hicho m- hakikutokana na maumbo ya nomino yenyewe. Kilitokana na imani kwamba Roho ni mmoja wa Nafsi tatu za Mungu mmoja. Wale wasioikubali imani hiyo wamekiondoa: machapisho ya Mashahidi wa Yehova, ikiwamo Tafsiri ya Ulimwengu Mpya, huandika roho takatifu, kwa herufi ndogo na bila m-, kwa sababu kwao roho hiyo ni nguvu ya Mungu itendayo kazi, wala si nafsi. Mjadala uliojaza mabuku katika lugha nyingine unaweza kutambulika kwa Kiswahili katika konsonanti moja.

Hapa bahati nayo ina sehemu yake. Lau kivumishi kilichochaguliwa kingeanza kwa b, kama -baya, tofauti isingeonekana, kwani roho mbaya na mtu mbaya huandikwa sawasawa. Lakini -takatifu, kivumishi cha Kibantu kilichotoka katika kitenzi kutakata, hakipokei kiambishi chochote kinapofuata nomino ya ngeli ya I-/ZI-. Mwandishi analazimika kuonyesha upande wake.

Tatizo lenyewe ni kongwe kuliko maandishi ya Kiswahili. Katika Kiyunani pneuma ni nomino ya jinsia isiyo ya kiume wala ya kike. Hata hivyo katika Injili ya Yohana, sura ya 16, Roho wa kweli anatajwa kwa kiwakilishi cha kiume, jambo ambalo wengine wamelitumia kama ushahidi wa unafsi wake, na wengine wakajibu kwamba kiwakilishi hicho kinarejelea neno jingine la kiume lililotangulia, yaani Msaidizi. Katika Kisiria neno ruha ni la kike, na waandishi Wakristo wa mwanzo, Afrahati wa karne ya 4 akiwa mmoja wao, walimtaja Roho kwa upatanisho wa kike. Kuanzia karne ya 5 sarufi hiyo ilipindwa, upatanisho wa kiume ukazoeleka kila aliyetajwa alipokuwa Roho wa Mungu. Waingereza walibabaika kwa muda mrefu zaidi. William Tyndale, mwaka 1526, alilitaja Neno la sura ya kwanza ya Yohana kwa kiwakilishi cha kitu. Biblia ya mwaka 1611 ikaweka cha mtu. Lakini Biblia hiyohiyo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 8, iliendelea kumtaja Roho kama kitu, hadi Agano Jipya lililosahihishwa mwaka 1881 lilipobadilisha. Ikumbukwe kwamba mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulishughulika hasa na uungu wa Mwana, na kwamba maneno marefu kumhusu Roho hufungamanishwa na mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381. Kwa hiyo Kiswahili kiliingia katika shauri ambalo lilikuwa limekwisha kuamuliwa makanisani, lakini halijaamuliwa katika sarufi yake.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Modehin. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa mambo ya Mashariki. Mfasiri wa Mwanzo hapewi muda wa kujiandaa: aya ya pili tu inamkutanisha na ruah ya Kiebrania, neno linaloweza kuwa upepo, pumzi au roho. Kibantu kilikuwa na jozi inayokaribia sana maana hizo, yaani upepo na pepo. Mahali Yesu anapomweleza Nikodemo juu ya upepo uvumao upendako na mtu aliyezaliwa kwa Roho, Kiyunani kinatumia neno lilelile mara zote mbili. Jozi ya upepo na pepo ingalihifadhi mwangwi huo, ilhali upepo na roho zinaupoteza kabisa. Lakini pepo walikuwa na kazi nyingine pwani. Walipanda watu vichwani, walitajwa kwa majina, walipungwa kwa ngoma na uvumba. Neno hilo likaachiwa mashetani, nalo roho, kutoka ruh ya Kiarabu, likachukua nafasi ya heshima. Hasara ya kifasihi ilikuwa halisi, ila ni vigumu kuona jinsi ambavyo ingeepukwa.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba msamiati huu ulipokewa kutoka mikononi mwa wanazuoni wa Kiislamu. Edward Steere aliwasili Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, Steere anaeleza kwamba Sheikh Abdul Aziz alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi kabisa. Kazi haikuvuka Zaburi ya 16, kwa sababu ya shughuli nyingi za Sheikh na kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kitaalamu mno kwa shabaha ya wamisionari. Haidhuru, Mungu, nabii, dhambi, imani, rehema, roho na nafsi yalikuwa maneno ya madrasa na ya misikiti kabla hayajawa ya kanisa. Biblia nzima ya lahaja ya Kiunguja ilipotoka mwaka 1891, karibu miaka kumi baada ya Steere kufariki, sehemu kubwa ya istilahi zake ingetambuliwa na mwanafunzi yeyote wa fikihi. Hata jina la Yesu lilianza kwa sura ya Isa Masiya katika machapisho ya Waanglikana wa Unguja. Wakatoliki, ambao mapadri wao wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walizoea kuandika Yezu. Kutengana kwa Isa na Yesu kulikuja hatua kwa hatua, na leo majina hayo mawili humtambulisha msemaji kabla hajamaliza sentensi.

Ambacho wanazuoni hawakuweza kukopesha, kwa sababu hawakuwa nacho, ni jina la fundisho lenyewe. Utatu liliundwa kwa kiambishi u- cha nomino dhahania, kama umoja, na kwa njia hiyo linafanana na trinitas ya Tertuliano wa Karthago, aliyeandika kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 3. Kwa nafsi hali ni ya kuvutia zaidi. Wakristo wa Kiarabu walikuwa na istilahi yao maalumu, uqnum, iliyotoka katika Kisiria, na ambayo haina kazi nyingine. Kiswahili hakikuichukua. Kilichagua neno la kawaida, na neno hilohilo likaja kutumiwa na wanasarufi: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tertuliano alitumia persona, ambalo pia ndilo neno la wanasarufi wa Kilatini kwa dhana hiyohiyo. Bila shaka wateuzi wa Kiswahili hawakuwa wakimwiga. Lakini matokeo ni kwamba mwanafunzi anayejifunza vitenzi na mwanafunzi wa katekisimu hukutana na neno moja. Ni uteuzi mzuri, bora kuliko mkopo mgumu ambao ungehitaji kuelezwa kila mara.

Ulikuwa na gharama yake. Katika mafundisho ya Kiislamu nafsi ni ile ya mtu, yenye matamanio, inayopaswa kupigwa vita. Sikio lililolelewa hivyo, likisikia Mungu mmoja katika nafsi tatu, linasikia matashi matatu, na hatimaye miungu mitatu. Hilo halikuwa kosa la wasikilizaji. Wakristo wenyewe walichanganyikiwa vivyo hivyo katika karne ya 4, pale waliosema hupostasis moja na waliosema hupostasis tatu waliposhukiana uzushi, hadi sinodi ya Aleksandria ya mwaka 362, chini ya Athanasi, ilipokubali kwamba pande zote mbili zingeweza kuwa na imani moja kwa istilahi tofauti.

Dhana ya asili moja nayo ilileta maumbo mawili. Steere aliandika Muungu, na kutoka hapo uungu ni umbo la kawaida: mu- inatoka, u- inaingia. Kanuni ya imani ya Wakatoliki inatumia umungu, ambamo u- imewekwa juu ya neno zima pamoja na kiambishi chake cha kale. Mwanaisimu ataona la kwanza limenyooka zaidi. La pili linaihifadhi sura ya jina, na pengine ndiyo sababu waumini hawakulikataa.

Upatanisho uliotumika kwa Roho ulitumika pia kwa Neno. Neno ni nomino ya ngeli ya LI-/YA-, lakini katika utangulizi wa Injili ya Yohana tafsiri ya Union Version, iliyounganisha matoleo ya Kiunguja na Kimvita (Agano Jipya mwaka 1950, Biblia nzima mwaka 1952), inalifuatishia naye na alikuwa, mahali ambapo sarufi tupu ingedai nalo na lilikuwa. Msomaji wa Kiyunani hapati dokezo hilo, kwa kuwa logos ni neno la kiume na kiwakilishi chake hakimwambii lolote jipya. Anayesoma Kiswahili anaambiwa tangu mstari wa kwanza kwamba Neno ni mtu. Tafsiri hapa imesema zaidi ya matini asilia.

Lakini asidhani mtu kwamba hila hiyo ni ya Wakristo peke yao. Katika Kurani, sura ya 3 aya ya 45, Mariamu anabashiriwa neno litokalo kwa Mungu. Kalima ni nomino ya kike, ila kiwakilishi kinachofuata, katika "jina lake", ni cha kiume. Wafasiri waliona jambo hilo wakaeleza kwamba upatanisho umefuata anayetajwa, yaani Masihi, si umbo la nomino. Kwa Waislamu hakuna uungu unaothibitishwa hapo: Isa ni neno kwa sababu aliumbwa kwa amri ya kuwa. Sarufi zinafanana, mahitimisho yanatengana.

Wafasiri wa Kurani kwa Kiswahili walikutana na mtego wao wenyewe. Godfrey Dale, mmisionari Mwanglikana, alichapisha tafsiri mwaka 1923; Mubarak Ahmad wa Ahmadiya akafuata mwaka 1953, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akakamilisha yake mwaka 1969. Sura ya 4 aya ya 171 inakataza kusema "thalatha", namba tupu isiyo na nomino. Kiswahili hakina raha ya namba tupu ndani ya hoja ya namna hiyo. Tatu inaning'inia hewani. Watatu inahesabu wenye uhai. Utatu inataja moja kwa moja fundisho la kanisa, kana kwamba aya iliandikwa ikiwa na katekisimu mkononi. Kila uteuzi ni tafsiri ya kiitikadi, hata kwa mfasiri asiyetaka ugomvi. Mihadhara ya hadhara iliyoenea Tanzania na Kenya kuanzia miaka ya 1980, ambamo wahubiri wa Kiislamu walijenga hoja zao kwa kunukuu Biblia ya Kiswahili, iliegemea juu ya maamuzi haya bila kuyataja. Wabishi walidhani wanabishania Yohana, kumbe mara nyingine walibishania kamati ya wafasiri.

Je, upatanisho waweza kuwa shahidi wa fundisho? Mipaka yake ni dhahiri. Wanyama wote hupatanishwa kwa A-/WA-, na hakuna anayewaita nafsi kwa maana ya kitheolojia. Katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, roho, maji na damu vinahesabiwa pamoja kama watatu, kwa kuwa vimepewa kazi ya kushuhudia, na Kiyunani kimefanya vivyo hivyo kwa jinsia ya kiume. Hata hivyo hakuna kanisa lililofundisha kwamba maji ni nafsi. Upande wa pili, miungu ya mataifa hubaki miungu mingine, yenye upatanisho wa miti na mito, ilhali Mungu mmoja ni yeye daima. Umbo la wingi mi- ni la kale, lakini waandishi wa dini wameliacha likae hivyo kwa moyo mweupe.

Hata wanaoandika roho takatifu hawaikatai kanuni yenyewe. Katika vitabu vyao mashetani, ambao wanawaamini kuwa viumbe wenye akili na hiari, huitwa roho waovu.